Mule Ndani Kuko Nani?

Ndugu msomaji, sisi tuliotoka Rutshuru tulijifunza helikopta kwa masikio kabla ya macho. Uko shambani unapalilia maharage, unasikia mlio nyuma ya kilima, unasimama na jembe mkononi. Unasikiliza kwanza. Kama mlio unakuja kwako, unaanza kuita watoto. Kama unapita, unarudi kwenye maharage yako.

Siku moja, tukiwa bado nyumbani upande wa Jomba, ilipita moja nyeupe, chini kabisa, herufi za UN ubavuni. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka 6. Akaniuliza: "Papa, ile iko yetu ao ya adui?" Nikamjibu kama wakubwa wote walivyokuwa wanajibu: "Haiko yetu, haiko ya adui. Iko ya MONUSCO." Akafikiri kidogo, akauliza tena: "Na mule ndani kuko nani?"

Hapo nilikosa neno. Nilijua kama wewe unavyojua kwamba mule ndani kuko MONUSCO. Lakini MONUSCO si mtu. MONUSCO haina mama, haina mke, haipigwi risasi ikafa. Mimi ni mwalimu wa historia, na swali la mtoto lilinishinda.

Makala hii ni ya mtu mmoja aliyekuwa ndani ya helikopta kama ile. Naileta kwenye jarida letu kwa sababu kifo chake kilituletea ugomvi hapa kambini Nakivale, na ugomvi ule ulinifundisha kitu.

Jumapili, tarehe 5 Februari 2023, helikopta ya jeshi la anga la Afrika Kusini, iliyokuwa inafanya kazi chini ya MONUSCO, iliruka kutoka Beni kwenda Goma. Njiani ilipigwa risasi. Mtu mmoja alikufa na mwingine akaumia vibaya. Aliyekufa ni Sajenti Vusi Mabena, fundi wa ndege. Aliyeumia ni rubani, Kapteni Matthew Allan. Helikopta haikuanguka. Iliendelea mpaka ikatua uwanja wa ndege wa Goma, ikiwa imebeba maiti na majeruhi.

Kwa nini walipita juu? Wageni wa mashirika wanaosoma jarida hili wanaweza kuuliza, maana kwenye ramani kuna barabara nzuri tu kutoka Beni, Butembo, Kanyabayonga, Rutshuru mpaka Goma. Sisi tunaijua barabara ile. Ndiyo iliyokuwa inashusha viazi, maharage na mbao, na kupandisha chumvi, sabuni na vitenge. Lakini M23 walichukua Bunagana tarehe 13 Juni 2022. Mwisho wa Oktoba mwaka huo wakachukua Rutshuru na Kiwanja. Mwisho wa Januari 2023 wakaingia Kitshanga. Barabara ikakatika. Muuza viazi wa Kiwanja hakuweza tena kufika Goma kama zamani, na Goma ikaanza kulalamika bei. Kutoka Beni hadi Goma ni zaidi ya kilomita 200 hata kwa anayepita hewani. Mwenye ndege alipita hewani. Ila anayepita juu ya vita bado yuko ndani ya vita.

Tazama pia ilikuwa wiki gani. Papa Francis alikuwa ametoka Kinshasa tarehe 3 Februari. Mwanzoni ziara yake ilipangwa ifike Goma, lakini Goma ikaondolewa kwenye safari, ikabidi watu walioumizwa na vita vya mashariki wapelekwe Kinshasa kumweleza yaliyowapata. Tarehe 4 Februari, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Bujumbura, wakataka pande zote zisimamishe vita mara moja. Hapa kambini watu walishangilia. Kuna jirani aliyeanza hata kuhesabu nauli ya kurudi. Kesho yake, tarehe 5, Mabena akapigwa risasi angani. Nauli ile jirani aliitumia kununua mabati.

Hakuwa wa kwanza, na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye vilima vyetu.

Kuna kilima kinaitwa Tchanzu, karibu na Bunagana. Kwa wengi ni jina la kwenye redio. Kwetu ni mahali mtu alikuwa na shamba. Mwaka 2012 kundi la M23 lilizaliwa, na Novemba mwaka huo likaingia Goma. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la UN likapitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi maalumu ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, yenye ruhusa ya kushambulia makundi yenye silaha. Novemba 2013, Tchanzu na mwenzake Runyonyi vilikuwa vilima vya mwisho vya M23, na helikopta za kivita za Afrika Kusini zilipiga huko. Tukaambiwa vita vimekwisha. Watu wakarudi, wakajenga, wakaoa.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Machi 2022, Tchanzu na Runyonyi vilishambuliwa tena. Sisi tuliondoka usiku ule ule, na godoro moja na sufuria mbili, tukavuka Bunagana kuingia Uganda, tukapelekwa Nyakabande, pale Kisoro. Tukiwa pale, bado tumekaa kwenye majani, habari ikatufikia: tarehe 29 Machi helikopta ya MONUSCO imeanguka Tchanzu, na wote 8 waliokuwemo wamekufa. Wapakistani 6, Mrusi 1, Mserbia 1. Jeshi la Kongo likasema M23 ndio walioitungua. M23 wakasema ni jeshi la Kongo.

Mtoto wangu alisikia wakubwa wanaongea. Akauliza: "Ni ile tuliona?" Nikamwambia sijui. Wapakistani 8, Warusi 8, namba hazikumwambia kitu. Nilitambua kwamba mimi mwenyewe nilisema "wamekufa 8" kama mtu anayehesabu magunia, tena nikikosea hata mataifa yao.

Sasa niseme kuhusu mashine yenyewe, maana ina historia yake. Helikopta aliyofia Mabena ni ya aina ya Oryx, jina la mnyama ambaye Waswahili wanamwita choroa. Mzazi wake ni helikopta ya Kifaransa iitwayo Puma. Mwaka 1977 UN ilikataza nchi zote kuiuzia silaha Afrika Kusini, kwa sababu ya serikali yake ya ubaguzi wa rangi. Makaburu wakaamua kujitengenezea wenyewe. Wakaichukua Puma, wakaibadilisha, wakaiwekea injini zenye nguvu zaidi, ikawa Oryx. Kwa hiyo ni mashine iliyozaliwa kwa sababu UN imekataa. Baada ya uchaguzi wa 1994 nchi ikapata wenyewe wote, na miaka ikapita, na mashine ile ile ikapakwa rangi nyeupe, ikaandikwa UN, ikaletwa kwetu. Ile ya Wapakistani iliyoanguka Tchanzu ilikuwa Puma. Yaani mashine hizi mbili zilikuwa ndugu, zikapata balaa katika vita vimoja, katika mkoa mmoja, ndani ya miezi 11.

Na kazi ya fundi wa ndege ni ipi? Wengi tukisikia "mtu wa helikopta" tunafikiria rubani. Rubani anakaa mbele, anashika usukani, ndiye anayepigwa picha. Fundi anasafiri pamoja na marubani, lakini kazi yake inaanza kabla yao. Anaizunguka ndege asubuhi. Anapanda juu kutazama mapanga yanayozunguka, anaangalia mafuta, anagusa hiki na kile kwa mkono. Ndege ikiruka, anasikiliza injini na kufuatilia mishale ya vipimo. Ndege ikienda kutua mahali pa miti au mawe, rubani haoni nyuma wala chini ya tumbo. Ni fundi anayechungulia mlangoni na kumwambia: shuka, shuka tena, mkia uko salama, kuna kisiki kushoto. Ndiye anayefunga mizigo isilale upande mmoja. Ndiye anayeonyesha abiria mkanda unafungwa vipi.

Kama wewe umewahi kupanda basi la Butembo, unamjua mtu huyo. Ni kama yule kijana anayening'inia mlangoni, anayempigia dereva mbao akirudi nyuma, anayejua gari inaumwa wapi kwa kusikia tu. Abiria wanamkumbuka dereva. Lakini gari inafika kwa sababu ya watu wawili.

Ndiye mtu aliyekufa. Hakuwa jenerali, hakuwa mwanasiasa. Alikuwa sajenti na fundi.

Ndugu msomaji, nakuja kwenye ugomvi.

Habari ya Mabena ilitufikia kwa simu. Shemeji yangu wa Goma alituma sauti. Kesho yake, pale tunapochajisha simu, nikaisikilizisha kwa sauti kubwa, na nikasema: "Maskini, Mungu amupokee." Kijana mmoja akanirukia: "Mwalimu, unalia MONUSCO? Miaka zaidi ya 20 wako kwetu, wametulinda wapi?"

Hakuwa anasema upuuzi. UN ilianza kazi Kongo mwishoni mwa 1999, na 2010 ikabadilisha jina kuwa MONUSCO. Kijana yule alizaliwa ikiwepo, akakimbia ikiwepo. Julai 2022 watu wa Goma na Butembo waliandamana kuitaka iondoke, wakafa raia wengi, na askari wa UN pia wakafa. Tarehe 31 Julai mwaka huo askari wa MONUSCO walifyatua risasi mpakani Kasindi, wakaua raia. Na siku 2 tu baada ya kifo cha Mabena, tarehe 7 Februari 2023, msafara wa magari ya MONUSCO ulizingirwa na watu wenye hasira kule Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, na watu 3 wakapoteza maisha. Baadaye, Oktoba 2023, wanajeshi wa Afrika Kusini walioko Beni walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuwatumia wanawake kingono. Hayo yote ni kweli na siyafichi. Mtu hawezi kuandika historia kwa kuchagua maiti anazozipenda.

Mambo mengine nayo ni kweli. Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki katika eneo la Beni, wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku mmoja. Novemba 2018, karibu na Beni hiyo hiyo, Chancy Chitete wa Malawi aliuawa akimsaidia mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa, na mwaka 2019 UN ikampa medali yake kubwa ya ushujaa. Watu wa lugha yetu na majirani zetu, waliokufa kwenye migomba yetu. Yule kijana aliposikia kuhusu Watanzania akanyamaza kidogo. Kumbe hata yeye hakuwa anajua.

Lakini aliyemaliza maneno hakuwa mimi wala kijana. Ni mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni anasubiri simu yake ijae. Yeye ni wa kutoka Kishishe. Alisema taratibu, bila hasira:

"Mwalimu, miye sina shida na yule musoda. Mungu amurehemu. Lakini yeye iko na jina. Wa kwangu haiko na jina."

Kishishe, kama hujui, ni kijiji cha eneo la Rutshuru. Mwisho wa Novemba 2022 raia waliuawa pale na Bambo. Uchunguzi wa kwanza wa UN ulihesabu watu wasiopungua 131, wanaume 102, wanawake 17 na watoto 12, na ukasema waliua ni M23. M23 wenyewe walikataa hesabu hiyo. Kaka wa mama huyu alikuwa pale. Yumo ndani ya ile 102, ndivyo anavyoamini, lakini hakuna karatasi inayosema hivyo. Hakuna aliyemtumia salamu za rambirambi. Hakuna jeneza lililofunikwa bendera.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima maneno yake. Angalia Sajenti Mabena alivyokufa halafu akaandikwa. Tunajua jina, cheo, kazi, tarehe, safari ilitoka wapi ikaenda wapi. Nchi yake ilitangaza. Mwili wake ulirudishwa kwao. Kwa wale wanaokufa kazini kwao, UN ina medali yenye jina la Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961, naye akiwa safarini kwa mambo ya Kongo. Haya hayamfufui mtu. Mama yake Mabena, kama ana mama, medali haimchemshii chai. Lakini yanasema jambo moja: huyu alikuwa mtu, alikuwa hapa, alikuwa anafanya kazi hii, na tarehe hii akaondolewa.

Mimi nilidhani ugomvi wetu ni kuhusu kama MONUSCO inastahili machozi. Mama wa Kishishe alikuwa anaongea kitu kingine kabisa. Hakutaka Mabena anyang'anywe jina lake ili apewe kaka yake. Alitaka kaka yake naye aandikwe vile vile. Ukikataa kumkumbuka fundi wa helikopta kwa sababu watu wetu hawakukumbukwa, hujawapa wetu kitu chochote. Umeongeza tu mtu mmoja kwenye orodha ya waliosahauliwa.

Kwenu ndugu wa mashirika, naomba mnisikilize bila kukasirika. Mnatuandika sana. Mnajua familia yangu ni watu wangapi, nani anavaa miwani, nani ana mimba, tumepokea kilo ngapi. Wote mnaowaandika ni wazima. Mtu akifa kabla ya kuvuka mpaka, hana mahali kwenye fomu. Nawaomba siku moja muulize: "Mliwaacha kina nani nyuma, na walikuwa wanafanya kazi gani?" Hata kama swali hilo halileti msaada wowote.

Na sisi wenyewe tusingoje kuulizwa. Nimenunua daftari moja la kurasa 96, la kawaida, lile la watoto wa shule. Nimechora mistari: jina, alizaliwa wapi, kazi yake, tarehe, mahali. Hakuna mstari wa kabila, na hakuna mstari wa nani alimuua. Si kwamba hayo hayana maana. Yana mahakama yake, na Mungu akipenda tutaifikia. Lakini daftari hili linakaa kambini, na hapa tunachota maji kwenye bomba moja, watu wa pande zote. Nataka mtu yeyote aweze kuja kuandika wake bila kuogopa jirani.

Ukurasa wa kwanza niliandika Vusi Mabena. Kuna walioniuliza kwa nini nianze na mgeni. Ni kwa sababu nilikuwa na habari zake zote, na nilitaka kila anayefungua daftari aone mfano wa namna mtu anavyoandikwa: sajenti, fundi wa ndege, 5 Februari 2023, angani kati ya Beni na Goma.

Wa pili ni kaka wa yule mama. Jina lake liko kwenye daftari, silitaji hapa gazetini. Tulipofika kwenye mstari wa kazi, mama alisita. Akasema hakuwa na kazi ya maana, alikuwa anatengeneza tu chukudu za watu pale njiani, anabadilisha magurudumu, anagonga misumari. Nikamuuliza niandike nini. Akatazama ukurasa wa kwanza, akaweka kidole pale kwa Mabena, kwenye neno moja.

"Andika hii," akasema. "Fundi."

Mtoto wangu sasa anajua kusoma. Juzi alifungua daftari mwenyewe, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akiburuza kidole. Hakukumbuka kama aliwahi kuniuliza swali lile. Mimi nilikumbuka, nikamwambia: huyu ndiye mmoja wao aliyekuwa mule ndani.

Daftari liko kwangu. Kurasa nyingi bado ni nyeupe. Njoo na jina.